Siku ya Midomo Mikavu

Ushanga uliwaka nyekundu.

Tapsubei aliutazama kama mtu aliyekuta nyoka katikati ya vyombo: hakusogea, hakupumua. Ulikuwa ushanga mmoja tu wa kioo, mdogo kama punje ya mahindi, umefungwa kwa uzi wa ngozi kwenye kifundo cha mkono wa kaka yake. Kwa miaka mitatu, kila mwezi, kila alipoulizwa swali lile lile, ulikuwa umewaka kijani. Leo, siku mbili kabla ya kuulizwa rasmi, Tapsubei alikuwa anaujaribu tu.

"Rudia," alisema.

"Nimeshasema ndiyo." Sauti ya Kiptalam ilikuwa nyembamba kama moshi wa ukuni mbichi. Ugonjwa wa ganzi ulimwanza vidoleni, ukapanda mikononi, ukavuka mabega, na sasa ulikuwa umemkaba koo. Tangu juma lililopita hakuwa amemeza kitu kizito kuliko maji. "Unataka niseme kwa lugha gani?"

"Unakubali kuendelea na utafiti huu kwa hiari yako, bila kushurutishwa na mtu yeyote?"

"Nakubali."

Nyekundu.

Aliufungua, akachukua mwingine sandukuni, akaupangusa kwa pamba, akaufunga kwenye mkono wa pili. Aliuliza tena. Kiptalam alijibu tena, sasa kwa sauti ya mtoto anayekariri darasani. Ushanga wa pili nao ukawaka nyekundu.

"Zimeharibika," Tapsubei alisema.

"Shanga mbili asubuhi moja? Dada, hata mbwa wawili hawaugui siku moja."

"Basi unaogopa kitu. Unaogopa nini?"

Kiptalam alicheka, kicheko kikakwama njiani. "Mimi niliyekuwa napanda mwerezi bila kamba, leo vidole vyangu havijui moto wala maji ya mtoni. Kila Jumatatu unanitia dawa ambayo ninyi wenyewe hamjui kama inaponya au inachelewesha tu. Naogopa tangu siku ya kwanza, Tapsubei. Siku ile ya kwanza nilijikojolea kidogo. Sikukuambia kwa sababu ungecheka."

"Siku ya kwanza ushanga wako uliwaka kijani."

"Basi haukuniona vizuri." Alifumba macho, amechoka. "Au ni kwa sababu siku ile niliweza kula asali kama wenzangu."

Aliyasema hayo kama mtu anayetaja mvua iliyonyesha jana. Lakini Tapsubei alihisi sakafu ya mianzi ikizama chini ya miguu yake.

*

Alijifungia kwenye chumba cha dawa.

Ushanga ulikuwa mwerevu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuuvaa. Ulisikiliza damu ikipita kwenye mshipa, ulionja jasho, ulipima mtetemo wa misuli ambao jicho haliuoni. Mtu akisema ndiyo na mwili wake unasema hapana, ushanga uliusikia mwili. Sheria ya Mfuko wa Wenyeji ilikuwa fupi: kila mwezi, Siku ya Ulizo, kila mshiriki ataulizwa akiwa na ushanga mkononi. Theluthi moja wakiwaka nyekundu, utafiti umefanyika kwa shuruti, na Mfuko utaufunga saa hiyo hiyo. Mashine zote huzimika, hata ile inayochuja maganda ya mti kuwa dawa. Uchunguzi hufuata, na uchunguzi huchukua miezi.

Waogiek, watu wa msitu wa Mau, hawakupewa sheria hiyo na mtu. Waliidai wao wenyewe, na aliyeidai kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama yake Tapsubei. Zamani hizo walikuja watu na gari jeupe, wakagawa mablanketi, wakachukua damu ya wanawake arobaini, wakaondoka. Mama aliweka kidole gumba kwenye karatasi ambayo hakuweza kuisoma. Damu ile ilikwenda wapi, ilifanya nini, ilimfaidi nani, hakuambiwa hadi anaingia kaburini. Kwa hiyo siku mataifa ya watu wa asili yalipokaa kuunda Mfuko wao, ili fedha za tiba yao zishikwe na mikono yao, mama alisimama mbele ya mkutano akasema: mdomo wa mnyonge husema ndiyo hata anapochinjwa, tafuteni kitu cha kuuliza mwili. Wakatafuta. Wakaupata ushanga.

Na sasa binti yake alikuwa ameketi na ushanga mkono mmoja na chupa ya asali mkono wa pili.

Alijifunga ushanga. Alitafuta uongo mkubwa, uongo ambao mwili hauwezi kuuvumilia.

"Nafurahi kwamba kaka yangu anakufa," alisema.

Nyekundu, mara moja, kama kaa la moto lililopulizwa.

Alifungua chupa. Ilikuwa asali nyeupe, nzito, ile ile inayogawiwa kila Siku ya Ulizo. Alikula vijiko viwili. Alingoja kwa muda ambao watu huutumia kusalimiana na kuulizana habari za mizinga. Kisha akasema tena, polepole:

"Nafurahi kwamba kaka yangu anakufa."

Kijani.

Alitaka kupiga yowe. Akili yake ililitaka yowe hilo, ililiita, lakini mwili haukuitikia. Moyo ulikuwa ukidunda kwa utulivu wa ng'ombe anayecheua kivulini. Mikono ilitulia mapajani. Alijua kwamba anaogopa kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajawahi kufika. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote baadaye, asali ilipokwisha nguvu na woga ukarudi wote kwa pamoja.

Miaka mitatu. Watu sitini na wanne. Kila ndiyo waliyoisema ilikuwa imepakwa asali.

*

Baba yake mdogo, Lesingo, mwenyekiti wa baraza la utafiti, alikuwa juu ya mti akikagua mzinga, moshi wa ukoga mkavu wa miti ukimzunguka kichwa.

"Baba Mdogo, shuka."

"Nikishuka nyuki watasema nimewakimbia, na wana midomo mirefu."

"Shuka, tafadhali."

Lesingo aliinamisha uso. "Umesema tafadhali. Nani amekufa?"

Alishuka. Tapsubei alimweleza yote, kuanzia mkono wa Kiptalam mpaka kijiko cha pili. Alipomaliza, mzee yule aliokota jani, akaanza kujipangusa masizi kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kwenda kuposa.

Kosa lile lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu. Kwa Waogiek, neno zito haliulizwi mdomo mkavu. Ukienda kuomba mke, ukienda kuomba njia kupita msitu wa ukoo mwingine, ukienda kuomba radhi kwa damu iliyomwagika, kwanza asali, kisha swali. Mfuko ulipoleta kanuni zake, Lesingo alikataa kutia saini mpaka uongezwe mstari mmoja: Ulizo litafunguliwa kwa asali. Watu wa Mfuko walifurahi sana. Waliusifu mstari huo katika mikutano yao: tazameni, utafiti unaoongozwa na wenyewe, kwa mila ya wenyewe. Na asali ilitoka kwenye mizinga ya mwenyekiti, ambaye hakukubali mwingine yeyote aitoe.

"Asali ya mlimani haifanyi hivyo," alisema mwishowe. "Tumeilamba tangu Mungu aumbe nyuki."

"Hii si ya mlimani."

"Sio." Aliinua macho kwenye maua meupe juu yao. Ilikuwa miti ya kunywa moshi, ile iliyotengenezwa maabara na kupandwa bondeni kusafisha hewa ya miji ya mbali. Ilichanua mara tatu kwa mwaka. Lesingo alihamishia mizinga yake huko miaka sita iliyopita, akawatambia wenzake waliobaki kwenye mierezi na asali yao ya msimu mmoja. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyewalevya."

"Hukujua."

"Hilo ni jibu la mtoto aliyevunja chungu." Alilitupa jani. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi bado halijatokea. Sikiliza, binti yangu. Mama Kavira wa Mfuko anakuja keshokutwa kukagua. Tunawapa watu asali kama kawaida, shanga zinawaka kijani, anakula, anashiba, anakwenda zake. Kisha taratibu nahamisha mizinga, nasema nyuki wamegoma. Mwakani tunaanza upya, safi."

"Na ndiyo za miaka mitatu?"

"Zimeshasemwa."

"Zimesemwa na mizinga yako, Baba Mdogo."

"Na kaka yako atasema nini Mfuko ukifunga?" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Unawakumbuka akina dada wawili waliokwama ng'ambo mvua ilipobomoa daraja. Wiki nne tu bila dawa. Nani aliwabeba mpaka makaburini? Mabega haya. Nani amekutuma uchokoze mzinga kwa fimbo?"

Tapsubei aliwakumbuka. Aliota kuhusu vidole vyao. "Wale waliomchoma mama sindano," alisema, "nao walikuwa na sababu nzuri. Hakuna mwizi wa damu asiye na sababu nzuri."

Lesingo alikaa chini, mgongo kwenye shina.

"Mama yako mdogo hakutaka," alisema. "Asubuhi ya Ulizo la kwanza tulikuja pamoja, mume na mke, kwa miguu. Pale kwenye mianzi Tabutany akaniambia, mimi nitasema hapana, sitaki kufa na mirija mwilini. Tukafika. Akala asali. Akasema ndiyo. Nikaona fahari, Tapsubei. Nikadhani maneno yangu ya njiani yamemwingia. Usinilazimishe kukaa pale akiulizwa tena."

Upepo ulipita. Maua meupe machache yakaanguka mapajani mwake, naye akayapangusa haraka kama siafu.

"Keshokutwa usilete asali," Tapsubei alisema.

"Na nikiileta?"

"Nitaimwaga mbele ya watu."

Hakuna aliyewahi kumwaga asali katika ukoo wao. Tapsubei aligeuka akaondoka kabla hajayarudisha maneno yake.

*

Ukungu wa Mau ulikuwa bado umelala kwenye paa la Nyumba ya Utafiti watu walipoingia. Wengine walitembea wenyewe, wengine walishikwa kwapa, Kiptalam aliletwa kwa machela. Mbele, kando ya meza, aliketi Mama Kavira, mwanamke mfupi mwenye mvi, mlinzi wa ridhaa aliyetumwa na Mfuko. Alitoka msitu wa Ituri, kwa watu wengine wa msituni, maana Mfuko haukuruhusu mtu akague ndugu zake. Shingoni alining'iniza ufunguo bapa wa chuma. Ukipachikwa kwenye kisanduku kilichokuwa mbele yake na kuzungushwa mara moja, kila kitu kingezimika.

Lesingo aliingia mwisho. Mikono mitupu.

"Mwenyekiti," mtu mmoja aliita kutoka nyuma, "leo nyuki wako wamekunyima?"

Watu walicheka. Lesingo hakucheka, na kicheko kikafa.

Tapsubei alisimama. Alikuwa amejifunga ushanga, ili wauone. Ulikuwa mwekundu kabla hajafungua mdomo.

Aliwaambia. Hakupamba, hakujitetea. Aliwaambia kuhusu mkono wa Kiptalam, kuhusu vijiko viwili, kuhusu uongo alioutamka mwili wake ukasinzia. "Tuliwauliza mkiwa mmelala huku macho yenu yako wazi," alisema. "Leo nitawauliza midomo ikiwa mikavu. Anayetaka kukataa akatae, na asimwogope mtu, hata mimi."

Dawa ilisikika ikidondoka kwenye mrija wa Kiptalam.

Mama Kavira alikuwa amekunja uso. "Tapsubei, unajua nitakachokiona?"

"Najua."

"Na unajua nitakachopaswa kufanya?"

"Sheria hiyo ni ya mama yangu."

Alianza safu ya mbele. Mwanamume wa kwanza alisema ndiyo, nyekundu. Wa pili, ndiyo, nyekundu. Msichana aliyekuwa amevaa sare ya shule alilia kabla ya kujibu, akajibu ndiyo, nyekundu. Rangi ile ilitembea chumbani kama moto wa nyika unaoruka kutoka nyasi hadi nyasi. Kila iliyowaka, Tapsubei alihisi kana kwamba ndiye aliyeiwasha kwa kiberiti chake. Alipofika katikati ya safu ya tatu, Mama Kavira alishika ufunguo.

"Theluthi imetimia," alisema kwa sauti ya chini.

"Bado kuna ambao hawajaulizwa. Mtu asiyeulizwa hafungiwi mlango."

Mama Kavira hakuuachia ufunguo. Lakini hakuinuka pia.

Kiptalam hakungoja aulizwe. "Ndiyo," alisema kutoka machelani, mkono wake ukimulika wekundu kwenye shuka. "Na ninaogopa. Nisipotiwa dawa naogopa, nikitiwa dawa naogopa. Andika yote mawili, dada, usichague moja."

Kutoka safu za nyuma mtu alisema, "Na mimi hivyo hivyo." Mwingine akasema, "Na mimi."

Wa mwisho alikuwa Tabutany.

Alikuwa ameketi karibu na mlango, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, mikono imelala juu ya magoti. Lesingo alikuwa amesimama nyuma yake na uso ameuelekeza ukutani.

"Mama Mdogo," Tapsubei alisema. "Unakubali kuendelea na utafiti huu kwa hiari yako, bila kushurutishwa na mtu yeyote?"

"Hapana," alisema Tabutany.

Ushanga wake ukawaka kijani.

Hakukuwa na asali ndani ya nyumba ile. Hakukuwa na hata tone. Kijani kile kilikuwa safi, hakitikisiki, peke yake katikati ya wekundu wa watu wengine wote. Mama Kavira alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akainama kuutazama kwa karibu.

"Miaka kumi nimefanya kazi hii," alisema. "Daftari langu halina mahali pa kuliandika jambo hili. Waliokubali wote ni wekundu. Kijani ni mmoja, naye amekataa."

"Basi daftari lako ndilo gonjwa," alisema Tabutany.

Mama Kavira alirudi mezani. Aliuweka ufunguo juu ya kisanduku, karibu kabisa na tundu lake.

"Soma kanuni yenu," alimwambia Lesingo. "Ule mstari wako."

Lesingo aligeuka kutoka ukutani. Hakuhitaji karatasi. "Ulizo litafunguliwa kwa asali."

"Leo nimeiona asali?"

"Hujaiona."

"Basi kwa kanuni yenu wenyewe Ulizo halijafunguliwa, nami bado sijasikia kitu." Alizungumza haraka, kama mtu anayevuka mto kabla maji hayajajaa. "Mwezi haujaisha. Nina siku saba kabla wakuu wangu hawajaniuliza kwa nini nimekaa. Mama yako aliidai sheria hii, Tapsubei, naye hakujua kwamba mtu anaweza kuogopa na bado akataka. Iandikeni upya, ninyi, hapa. Nitaipeleka kwa mkono wangu na nitaitetea. Mkishindwa, au wakiikataa, nitarudi kuufunga mlango huu, na mnielewe. Nitaufunga."

Hakuna aliyeshangilia. Siku saba zilikuwa chupa moja ya dawa kwa kila mtu. Tapsubei alivuta karatasi, akashika kalamu, akaona kwamba hawezi kuandika kwa jinsi vidole vilivyokuwa vikiruka, na kwa dakika moja iliyomkata pumzi alidhani ni ganzi. Alibana kalamu kwa mikono miwili. Aliandika: *Mtu anaweza kuogopa na akakubali.*

"Ongeza," alisema Tabutany kutoka mlangoni. "Anaweza pia kutulia, akakataa."

Tapsubei aliongeza.

Tabutany alifungua uzi wa ngozi kwa meno, akauweka ushanga wake juu ya benchi. Lesingo aliutazama kama unavyotazama kiatu cha marehemu.

"Utakufa," alimwambia, kwa sauti ambayo haikuwa imekusudiwa wengine.

"Huenda. Wewe pia." Alinyoosha mkono akamshika kidole kimoja, japo ganzi haikumruhusu kukisikia. "Lesingo, neno limekwisha. Sasa niletee asali. Si ile nyeupe. Nenda kwa kina Sigilai huko juu kwenye mierezi, wale uliokuwa unawacheka, uwaombe."

"Niwaombe kwa mdomo mkavu?"

"Kwa mdomo mkavu."

Lesingo alifungua mlango. Ukungu ukaingia, baridi, ukapita juu ya machela na mirija na mikono yote iliyokuwa ikiwaka nyekundu. Kisha akatoka nje, akaanza kupanda mlima.